Vumbi Halina Hatia, Mwenye Hatia Ni Jumapili

Karakana ya Magodoro,
Chumba cha Kuchambulia.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Afya.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA MAKALA YENU KUHUSU VUMBI LA NYUZI ZA MIMEA

Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mtu wa kazi yako, na kwa hasira kidogo ambayo nitajitahidi kuiweka pembeni mpaka mwisho wa barua. Natumaini u mzima, na kwamba kifua chako kiko wazi.

Mimi ni mnyapara wa chumba cha kuchambulia katika karakana ya magodoro. Chumba hicho ndicho tumbo la karakana. Huingizwa humo marobota ya pamba, magunia ya sufi ya mti wa msufi, na mafungu ya usumba, yaani zile nyuzi za makumbi ya nazi. Mashine yenye meno huyapokea yote, huyararua na kuyapiga, na upande wa pili hutoka kitu laini ambacho wewe na mimi hukilalia bila kukishukuru. Kinachobaki hewani ni vumbi. Hilo ndilo vumbi mlilolichafulia jina.

Makala yenu ilisomwa mezani kwangu na mke wangu, kwa sauti, nikiwa na tonge mdomoni na nisiweze kujitetea. Mliandika kwamba ndani ya njia za hewa za binadamu kuna utando laini wenye unyevu, na juu yake vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kuupeleka juu. Mkaandika kwamba vumbi la nyuzi hubeba mabaki ya majani na sumu za vijidudu vilivyoishi katika mmea, na vikitua juu ya utando huo, utando huvimba, makohozi huongezeka, misuli hukaza na njia huwa nyembamba. Mkaongeza kwamba kwa mtu anayerudi kazini baada ya mapumziko, siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Na kwamba miaka ikipita, hali hiyo huvuka siku ya kwanza, ikaingia siku zinazofuata, na mwisho ikawa haiondoki tena.

Koma zenu zilikuwa mahali pake. Hilo sina malalamiko nalo. Malalamiko yangu ni kuhusu mengine yote.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili haliwezi kungoja. Baada ya makala hiyo, wafanyakazi walimwendea mwenye karakana, ambaye sote tunamwita Tajiri, wakamwomba anunue na kufunga bomba kubwa la kuvuta vumbi. Tajiri akasema mbele ya watu, "Mimi simjui daktari, namjua mzee. Mzee akisema chumba kina madhara, nanunua hilo bomba. Akisema hakina, kila mtu arudi kwenye robota lake." Nami nikasema hakina. Tangu hapo natazamwa kwa jicho baya chumbani kwangu na nyumbani kwangu. Ndiyo sababu naomba gazeti lisimame upande wangu, kwa hoja zifuatazo.

1. Mmelitukana vumbi letu bila kulijua.

Mmeliweka kundi moja na vumbi la saruji na la mkaa. Ndugu Mhariri, vumbi letu limezaliwa na mmea. Mmea ni kitu kinacholimwa, kinachopaliliwa, kinachoombewa mvua. Binadamu hula mimea tangu jino lake la kwanza mpaka la mwisho, na hakuna daktari anayemkataza. Iweje basi mmea ukipita koo la chakula uwe lishe, na ukipita koo la hewa uwe sumu? Yote mawili ni makoo, na yana mlango mmoja.

Nilimuuliza hivyo muuguzi wa zahanati iliyo karibu nasi. Akanijibu, "Mzee wangu, hata maji ni mazuri, lakini hebu yavute kwa pua." Niliona jibu hilo halina adabu, nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilijaribu, kwa ajili ya utafiti tu. Matokeo yake hayahusiani na barua hii.

2. Mmewapa watu imani katika kifaa chenye upendeleo.

Muuguzi huyohuyo alikuja karakana akiwa na kibomba chenye mshale. Mtu hupuliza kwa nguvu zake zote, na mshale husogea kuonyesha pumzi alizo nazo. Alianza na karani wa ofisini, mtu asiyeweza kubeba mto bila kupumzika njiani. Mshale ukaruka mpaka juu. Akaja dereva wa gari la mizigo, ukaruka vilevile. Nikaja mimi, ambaye bila mkono wangu robota haliinuki.

Nikapuliza. Mshale ukatikisika, ukafikiri, ukarudi mahali pake.

"Puliza, mzee," akasema muuguzi.

"Nimepuliza."

"Basi tena."

"Hiyo ndiyo tena."

Fundi wetu wa kushona, mama mmoja mwenye ulimi mkali tunayemwita Shangazi Sindano, akasema ili kila mtu asikie, "Mwacheni jamani, huyo anaweka akiba." Watu wakacheka, hata wale ambao zamu yao ilikuwa haijafika.

Zamu yao ikafika. Kila mtu wa chumba cha kuchambulia alipopuliza, mshale ulikataa. Kila mtu wa nje ya chumba alipopuliza, mshale ulikubali. Ndugu Mhariri, kifaa kinachobagua watu kwa vyumba vyao vya kazi hakiwezi kuitwa cha kisayansi. Nilimwambia hivyo muuguzi. Akaandika kitu.

3. Mmeudhalilisha utaratibu wetu wa Jumatatu.

Hapa naomba usome polepole. Katika karakana yetu, siku ya Jumatatu hatusalimiani kwa maneno. Mtu akiingia hupunga mkono, nasi humpungia. Swali la kazi huulizwa kwa kidole. Jumanne huruhusiwa maneno mafupi, kama vile "leta", "shika" na "siyo hilo". Habari ndefu, kama ugomvi wa majirani au mwenendo wa wakwe, husubiri Jumatano. Alhamisi ndiyo siku ya mabishano na vichekesho, kwa sababu kicheko kinataka kifua. Ijumaa na Jumamosi kila mtu husema mpaka mashine haisikiki.

Utaratibu huu hakuutunga mtu. Niliukuta, nikaushika, nikaufundisha. Tajiri huleta wageni wake Jumatatu kwa makusudi. Husimama mlangoni akawaambia, "Oneni nidhamu. Mtu hasikiki hata kunong'ona." Nami husimama nyuma yake, nimeegemea nguzo, nikijaa fahari kwa kadiri nafasi ya kifuani inavyoruhusu.

Ninyi mmeandika kwamba hali hiyo ni dalili ya ugonjwa. Adabu ya watu wazima mmeiita dalili!

Nina binti, kitinda mimba wangu, niliyemwingiza chumbani humo mwenyewe ili aje kuishika mashine baada yangu. Karakana nzima inamwita Redio, kwa kuwa haizimwi. Jumatatu yake ya kwanza aliingia akitangaza, "Shikamooni nyote! Jamani, mbona mmenuna kama mmefiwa na godoro? Baba, na wewe? Mama hajakupa chai?" Nikaweka kidole mdomoni. Akacheka, "Ndiyo nini hiyo, baba? Tuko kwenye mtihani?" Niliona haya kwa niaba ya ukoo.

Lakini nilimvumilia, na chumba kikamfunza. Kidogo kidogo maneno yake ya Jumatatu yakapungua. Akawa anaanza sentensi, anafika katikati, anaweka mkono kifuani, na kuimalizia kwa kutikisa kichwa. Kisha siku moja akaingia, akatupungia mkono, akaenda kazini. Nilikwenda nyumbani mbio, yaani kwa mwendo ninaouita mbio siku hizi, nikamwambia mke wangu kwa furaha, "Mtoto amekomaa."

Mke wangu akanitazama. "Amekomaa," akasema, "au amekabwa?"

Sikuona kwamba swali hilo lilihitaji kujibiwa. Sasa muuguzi naye, akiitumia makala yenu kama silaha, anasema utando wa binti yangu bado unaweza kupona akiondolewa vumbini mapema. Nikamuuliza, na wangu je? Akasema, "Wako, mzee, tuutunze huo uliobaki." Hivi ndivyo wazee wanavyosemeshwa nyakati hizi. Anataka Redio ahamishiwe dukani, akauze mito. Nimemkatalia. Mtu aliyeanza kujifunza kunyamaza haondolewi shuleni.

4. Mmemwachia mhalifu.

Twende kwenye ushahidi. Jumamosi jioni kifua changu huwa kimefunguka, naongea, nabishana, napanda ngazi nikisimama mara chache tu. Jumapili nashinda nyumbani. Mke wangu hufungua madirisha yote, hupiga deki, hukung'uta mapazia. Hewa huwa safi kiasi cha kutia shaka. Jumatatu naingia kazini, na kabla ya chai ya saa nne kifua kimefungwa kama mzigo uliokazwa kamba na watu wawili.

Hebu fikiri kama hakimu. Kabla ya Jumapili, mtu mzima. Baada ya Jumapili, mtu hoi. Katikati kuna nini? Siyo vumbi, kwa maana Jumapili haina hata chembe ya vumbi. Aliyekuwapo mahali pa tukio ni mmoja tu, naye ni hewa safi.

Utasema kifua hakinibani nyumbani, bali kazini. Bila shaka! Mhalifu mzoefu hakai kungoja akamatwe. Hufanya uharibifu wake Jumapili kimyakimya, akaondoka, na Jumatatu lawama zikaachiwa vumbi lililokuja kazini mapema na kwa unyofu. Tena zingatia jambo hili: nilipochukua likizo ndefu, Jumatatu ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi ya zote, hata nikapelekwa nje kwa toroli la marobota. Mapumziko mafupi, maumivu mafupi. Mapumziko marefu, toroli.

Sina ugomvi na wanaoabudu siku hiyo. Waendelee kuabudu kama kawaida, ila madirisha yafungwe.

5. Mmeniharibia ndoa.

Kwa kuwa mimi si mtu wa maneno matupu, niliamua kuijaribu hoja yangu. Jumamosi moja nilijaza gunia dogo kwa vumbi lililokusanyika chini ya mashine, nikalipeleka nyumbani, nikalitundika juu ya kitanda likiwa wazi mdomo, na feni nikaielekeza hapo taratibu. Nikashinda chumbani Jumapili nzima. Jumatatu nilipofika kazini nilisema maneno manne mfululizo: "Nani kaliweka robota hapa?" Chumba kizima kiligeuka kunitazama kwa husuda.

Nakiri yalikuwapo mambo madogo ya pembeni. Mke wangu, ambaye hajafanya kazi karakana hata siku moja, alianza kukohoa kabla ya chakula cha mchana. Paka alipiga chafya mfululizo, akahamia kwa jirani, na hajatuma salamu. Jioni mke wangu alisimama mlangoni, kitambaa kikiwa puani, akasema, "Baba watoto, chagua. Gunia au mimi."

Nikaomba muda wa kufikiri.

Nasikitika kukuarifu kwamba muda huo ulieleweka vibaya. Mama watoto amehamia chumba cha binti yetu. Wanalala wawili, mlango umefungwa, na taulo lenye maji limesokomezwa chini yake. Nikipita ukumbini nasikia wakinijadili. Mmoja hukohoa, mwingine humpapasa mgongo. Nyumba iliyokuwa na amani, imegawanywa na ukurasa wenu wa afya.

6. Barakoa.

Nilivaa moja, siku moja. Jioni upande wake wa nje ulikuwa na rangi ya robota. Ikiwa vumbi lote lile lilibaki kwenye kitambaa, basi halikunifikia. Na kama halikunifikia, nimeibiwa.

Kutokana na hoja hizi, ambazo naamini zimeshikana vizuri kuliko za mwandishi wenu, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Makala ifutwe, na mahali pake pachapishwe nyingine yenye kichwa "Tahadhari: Hewa Safi".

(b) Gazeti liongoze kampeni ya kuiondoa siku ya mapumziko katika wiki. Ikishindikana kuiondoa, basi ifupishwe iwe kama saa moja hivi, tena saa yenye giza, ili hewa isituone.

(c) Kila mfanyakazi wa nyuzi apewe gunia la vumbi la kwenda nalo nyumbani, na gunia hilo lihesabiwe kuwa dawa. Watoto wake waanze kulizoea wangali wachanga, kabla hawajazoea ubaya wa kupumua ovyo.

(d) Nanyi wenyewe, kwa kuwa naona mnaugua kazi ya kukaa katika vyumba visafi, tuko tayari kuwaletea magunia mawili bure. La pamba liwekwe kwa waandishi, ambao wamezoea vitu laini. La usumba liwekwe kwako.

(e) Atangazwe kwa jina la kazi yake yule muuguzi, kwamba kibomba chake kina upendeleo.

Mkinitimizia hayo, Tajiri atakuwa na gazeti la kuwaonyesha wafanyakazi, bomba la kuvuta vumbi halitafungwa, na binti yangu ataishika mashine niliyomwandalia. Sina ombi kubwa kuliko hilo la mwisho. Mashine ile ndiyo mali yote niliyo nayo ya kumwachia mtoto, ingawa si yangu.

Nifikishie salamu zangu kwa wachapaji, wapiga picha, wafagizi, na hasa wafagizi wanaofagia bila kunyunyiza maji kwanza. Hao ndio watu wenye akili katika jengo lenu. Msalimie msahihishaji wenu wa koma. Mwandishi wa makala mpe salamu pia. Simchukii, namwombea Jumapili fupi.

Ni mimi, niliyenyooka kwa hoja na kupinda kidogo kwa mgongo,

Mnyapara wa Chumba cha Kuchambulia.

NYONGEZA

Ndugu Mhariri, barua hii niliifunga Jumanne, nikaiweka mfukoni nikingoja mtu wa kuifikisha kwenu. Leo ni Alhamisi, nami nimeifungua mwenyewe.

Asubuhi ya leo binti yangu ameingia chumbani. Shangazi Sindano alikuwa amemwandalia uchokozi tangu jana, akaanza naye kabla hajavuka mlango: "Haya Redio, tupe taarifa ya habari! Mchumba kasemaje?" Binti yangu ametutazama sote. Ametabasamu. Kisha amepunga mkono.

Watu wamecheka wakidhani ni utani wake mpya. Mimi pia nimecheka, nikangoja aseme. Hajasema. Amekwenda kwenye mashine, ameushika ukingo wake kwa mikono miwili, na mabega yake yamekuwa yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia. Hakuwa amekimbia. Shangazi Sindano ameacha kucheka wa kwanza, na mimi wa mwisho.

Sikuwahi kumfundisha mtoto yule kupunga mkono Alhamisi.

Nimezima mashine. Nimeuvua mkanda wake unaozungusha magurudumu, nimeuweka sakafuni, na nimeukalia. Maneno haya nayaandika nikiwa juu yake. Binti yangu yuko nje kwenye benchi, muuguzi yuko naye, na mama yake amefika akiwa na kiatu kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Amepita karibu yangu, kisha amerudi akaniwekea kikombe cha maji.

Tajiri amekuja kuuliza kwa nini chumba kimekufa. Nimemwambia chumba kina madhara, nalo ndilo neno aliloahidi kulisikiliza. Akasema, "Mzee, si ulinihakikishia hakina?" Nimemwambia siku ile ilikuwa Jumatatu, maelezo marefu kuliko "hakina" yasingetoka. Amekwenda kutafuta mtu wa kuniondoa. Wote aliowaita wamepiga chenga, wakasema wanakohoa.

Kwa hiyo tafadhali usiichapishe barua iliyo juu ya nyongeza hii. Chapisha makala yenu tena, kwa herufi kubwa kuliko za kwanza, na mseme wazi mabomba ya kuvuta vumbi yanapatikana wapi na yanafungwaje. Binti yangu anakwenda dukani kuuza mito. Nimemwambia azungumze na kila mteja mpaka wamkimbie.

Dereva wa gari la mizigo analeta barua hii mkononi mwake. Mjibu kupitia kwake, naye arudi upesi, kwa maana mkanda huu ni mgumu kuukalia, na subira ya Tajiri ni ndefu kuliko pumzi zangu.